Futi Kumi Nyuma ya Jiko

Siku baba alipofariki nilikuwa kwenye mkutano wa video, kamera imewashwa, nikieleza ramani yangu. Baba mdogo alipiga mara mbili, nikaigeuza simu yangu kifudifudi juu ya meza. Ikaja meseji. Niliisoma huku profesa wangu akiuliza kuhusu makosa ya ramani upande wa kusini wa wilaya, nikamjibu vizuri tu, nikafungua picha iliyofuata, nikazimaliza zote zilizobaki. Wakanipongeza. Nikafunga kompyuta, nikaosha kikombe changu cha chai, nikakaa kitandani nikikitazama kile kikombe. Sijui nilikaa muda gani. Nyumbani wanaamini nilicheleweshwa na foleni ya mpakani, na mimi sijawasahihisha.

Nilikuwa nimepanga chumba Busia, upande wa Kenya, kwa sababu intaneti ya pale haikuwa ya kukatikakatika. Kazi yangu inaitwa utafiti wa baada ya uzamivu, jina ambalo nimechoka kulieleza. Watu wa kwetu wanajua shahada, wanajua udaktari, halafu wanajua kazi. Hiki kitu cha katikati, cha mkataba wa miaka miwili ambao huenda ukaongezwa na huenda usiongezwe, hawana pa kukiweka. Shangazi mmoja aliniuliza kwa upole kama nimerudia darasa. Baba peke yake ndiye aliyeridhika. Aliwaambia wenzake kanisani kwamba binti yake anapima ardhi bila kuikanyaga.

Hakuwa amekosea. Kundi letu, ambalo ofisi zake ziko katika nchi ya baridi nilikoishi miezi minane tu, linaandika programu za kompyuta za kukadiria unene wa udongo juu ya mwamba. Unaipa programu picha za setilaiti, miinuko, mvua na aina za mawe, nayo inakupa namba kwa kila kipande cha ardhi: hapa udongo una kina hiki, pale kile. Wenzangu wengine wanaitumia hiyo hiyo kwa vumbi la mwezini na kwa sayari nyingine. Mimi nilipewa wilaya ya Tororo, ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa ni kwetu, na kwa sababu ya vilima vya Osukuru. Vilima hivyo ni mabaki ya volkano ya zamani sana, na mwamba wa huko umeoza ovyo, ukaacha udongo mwingi ajabu mahali pamoja na mawe matupu hatua chache kando. Baba alipenda kuwatania wale wa mwezini.

"Wao wana raha," alisema. "Wakikosea, nani atakwenda kuchimba awaumbue?"

Sisi wa duniani tulihitaji watu waliokwisha kuchimba. Programu haijui lolote mpaka uipe mahali ambapo kina kinajulikana, ndipo ijirekebishe. Wengine hukodi mashine za kutoboa. Kwetu kila boma lina choo cha shimo, na wachimbaji wa vyoo hupatana malipo kwa futi, kwa hiyo kila mwenye nyumba anazikumbuka futi zake. Anakumbuka zaidi kama walifika kwenye mwamba wakagoma. Wazo la kuwauliza lilikuwa la baba. Mimi nililivalisha maneno makubwa kwenye ombi la kazi, likapita.

Baba alikuwa karani wa ghala la ushirika wa pamba tangu ujana wake mpaka ushirika ulipokufa. Mwandiko wake ulinyooka hata kwenye karatasi isiyo na mistari. Alijulikana kwetu Iyolwa nzima kwa jambo moja, kwamba hakuwahi kumwongezea mtu kilo wala kumpunguzia, hata ndugu yake wa tumbo moja, ambaye hakumsemesha mwaka mzima kwa ajili hiyo. Nilipompa kazi alinunua daftari refu, akaitia baiskeli mafuta, akaanza kuzunguka. Alianza na Iyolwa, akaenda Rubongi, kisha akaelekea Osukuru. Kwa kila nyumba aliandika tarehe, mahali kama simu ilivyomwonyesha, aina ya shimo, futi, na kama mwamba ulifikiwa au haukufikiwa.

Kila siku saa kumi na mbili jioni nilimpigia, anisomee, nami niingize. Tulikuwa na mchezo wetu. Nilimwambia programu inabashiri nini kwa vijiji vya kesho, na kesho yake yeye alinieleza imeaibika kwa futi ngapi. Alicheka sana ilipokosea. Kuna siku ilisema futi kumi na mbili mahali ambapo mama mmoja alikuwa ameshindwa hata kusimika nguzo ya kuanikia nguo, na baba akalirudia hilo wiki nzima.

Kisha programu ikaanza kupatia. Nilidhani ndivyo inavyokuwa ukishailisha vya kutosha. Baba naye alisema mashine yangu sasa imepata akili. Profesa aliangalia matokeo akasema hajaona namba za shambani zinazokubaliana na hesabu kiasi hicho, na kwamba kwa ramani ile kamati haitakuwa na sababu ya kuninyima miaka miwili mingine. Nilivimba kichwa. Nilimwambia baba, naye akasema tu kwamba ni vizuri.

Haya yote yalitendeka nikiwa chini ya saa moja kwa pikipiki kutoka nyumbani. Katika miezi ile ya mwisho nilikwenda mara moja.

Nilifika msibani watu wameshajaa. Baba alikuwa amelazwa sebuleni, na wanawake walinishika mikono wakitarajia nianguke. Sikuanguka. Moyo wake ndio uliochoka, walisema, miguu ilikuwa imevimba muda mrefu. Niliuliza muda gani, nikaambiwa muda, tu. Nilikuwa nimekufa ganzi kuanzia shingoni kushuka chini, na kichwa peke yake kiliendelea na kazi. Nilihesabu viti. Niliona turubai limefungwa vibaya upande mmoja nikaenda kulifunga.

Baba mdogo, yule yule wa kilo, ndiye aliyesimamia kaburi. Ni askari mstaafu wa kambi ya Rubongi, na akitoa amri huacha lugha yetu akashika Kiswahili cha kambini. Baba alikuwa ameomba alazwe nyuma ya jiko, karibu na mama yake. Lakini baba mdogo aliogopa mawe, kwa kuwa upande ule una mawe yanayochomoza. Akanijia nikiwa bado nimeshika kamba ya turubai.

"Wewe ndio nasoma hii udongo," alisema. "Nyuma ya jiko iko mrefu ama hapana?"

Sikuhitaji hata kufikiri. Namba ilikuwa kwenye ramani, na ilikuwa mstari wa mwisho kabisa wa daftari. Nikamwambia futi kumi, hakuna mwamba. Akawageukia wachimbaji, akawaambia daktari amesema, chimbeni.

Walichimba kwa urahisi mpaka usawa wa mapaja. Halafu nikausikia mlio wa jembe, mlio ambao hauhitaji shahada. Wakasogea upande wa kichwani, jembe likalia. Upande wa miguuni, likalia. Wakaleta mtaimbo wakagonga kwa zamu mpaka cheche zikaruka, na jiwe halikutoa hata kibanzi cha maana. Lilikuwa bapa, safi, pana kuliko kaburi. Futi tatu. Baba mdogo alishuka mwenyewe shimoni, akalikanyaga kwa kiatu, akaniangalia. Afadhali angenitukana.

Kwetu kaburi likishafunguliwa haliachwi wazi bila kitu. Bibi wawili wa ukoo walikwenda shambani wakarudi na mgomba uliokatwa, urefu wa mtu, wakaulaza shimoni juu ya lile jiwe, na wachimbaji wakaufukia. Hapakuwa na sala wala wimbo. Watu waligeuza nyuso. Nilisimama nikiutazama ule mgomba ukipotea chini ya udongo, na wazo lililokuwa kichwani mwangu, naliandika kama lilivyokuwa, ni kwamba kipande kimoja cha ramani yangu kina upana wa mita thelathini, na kaburi la bibi yangu, ambalo lilichimbwa futi sita bila tabu, liko ndani ya kipande hicho hicho. Kwa hiyo kitaalamu sikuwa nimekosea sana.

Baba alizikwa ng'ambo ya uwanja, kwenye zizi la zamani, mahali pasipo na ndugu yake yeyote. Udongo wa pale ulikuwa mwororo na shimo lilikwisha upesi. Sikulia. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema masomo yanakausha mtu.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilichukua daftari, nikakaa kizingitini mwa jiko, nikafungua ukurasa wa mwisho. Mstari wa mwisho ulisema: nyumbani kwetu, nyuma ya jiko, shimo la choo, futi kumi, mwamba haukufikiwa.

Nyuma ya jiko letu hapajawahi kuwa na choo. Nani anachimba choo nyuma ya jiko, hatua kumi kutoka kwenye kaburi la mama yake? Choo chetu kiko chini kwenye migomba, na nimekitumia tangu niweze kutembea. Baba alinisomea mstari ule kwenye simu, na mimi, mzaliwa wa boma lile, niliuandika neno kwa neno, nikamshukuru, nikamwuliza kama kuna mwingine.

Nikakumbuka pia futi kumi zilitoka wapi. Jioni ya siku iliyotangulia nilikuwa nimemwambia, kwa mzaha, kwamba leo programu imebashiri mpaka nyumbani kwetu, na imesema futi kumi.

Nilichukua baiskeli yake. Nilianza na mstari wa kwanza wa daftari nikaenda kwa mpangilio wake, nyumba baada ya nyumba, nikitoa salamu, nikipokea pole, nikiuliza futi. Iyolwa yote ilikuwa sawa. Baba alikuja, walisema, aliuliza maswali mengi kuhusu choo, na mzee mmoja alimtaka aapie kwamba serikali haitatoza kodi. Futi zao na futi za daftari zilikuwa zile zile. Rubongi nako sawa. Siku ya pili ya kuzunguka nilianza kupata matumaini ya kijinga kwamba mstari mbaya ulikuwa mmoja tu, ule wa nyumbani.

Siku ya tatu nilifika kwenye boma moja chini ya vilima vya Osukuru, mahali barabara inapoanza kupanda. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alikuwa anapepeta mtama. Alipojua mimi ni nani aliacha ungo, akaniletea kigoda. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kama changu cha utotoni.

"Mzee alifika," alisema. "Baiskeli nasukuma, hapandi. Akakaa hapo hapo umekaa. Miguu ilikuwa imefura, kiatu haingii."

Nilimwuliza kama alimweleza baba kuhusu choo. Alimweleza, futi saba na mwamba, na ndivyo daftari lilivyosema. Baba alikunywa maji, akalala kwenye mkeka mpaka jua likageuka. Mama yule alitaka kunipigia simu.

"Nikasema leta namba ya mtoto, nimwite akuchukue. Akasema hapana. Mtoto iko na kazi kubwa, hapana sumbua."

Baadaye jirani alimrudisha kwa pikipiki, baiskeli imefungwa nyuma. Nilimshukuru. Niliangalia tarehe kwenye daftari, kisha nikatafuta kwenye simu yangu. Jioni ile tulizungumza dakika arobaini. Najua nilichosema, kwa maana nilikuwa nakisema kila jioni wakati ule: kwamba profesa anataka nyumba zaidi kabla ya mwisho wa mwezi, za mlimani hasa, na kwamba mlimani programu inabashiri hivi na hivi na hivi. Nilimtajia moja moja. Lazima alikuwa anaandika.

Nyumba iliyofuata kwenye daftari haikuwa na mtu aliyewahi kumwona. Iliyofuata tena, choo chake kilikuwa kimejengwa kwa kuinuliwa juu ya matofali, unapanda ngazi nne, kwa sababu chini ni jiwe tupu. Daftari lilisema futi tisa. Niliendelea hata hivyo, mpaka nikamaliza yote. Baada ya yule mama wa mtama, mpaka nyumbani kwetu, kulikuwa na mistari kumi na tisa, na mwandiko haukuyumba hata kidogo, na kila tarehe ilikuwa mahali pake. Alikuwa ameitunga nyumbani kitini, pale walipomwona kila siku, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Namba zake zilipishana na za programu kwa nusu futi hapa, futi moja pale, ili zisifanane mno. Karani anajua mizani halisi inavyocheza.

Nilirudi Busia nikampigia profesa. Nilieleza yote, sauti yangu imetulia hata mimi ikanishangaza. Alisema pole mara mbili. Kisha akaanza kutafuta njia, kwa nia njema, siwezi kumlaumu. Je, tungeondoa mistari ile tu niliyothibitisha kwa macho kuwa si kweli, tuache inayokaribiana? Je, tungeipunguzia uzito tu? Kamati ilikuwa inakaa wiki ile. Bila mistari ile, ramani ya mlimani ingeanguka, na bila ramani ya mlimani sikuwa na cha kupeleka. Alinipa siku mbili za kufikiri.

Baba mdogo naye nilimpigia nikamwambia, sijui kwa nini. Labda nilitaka mtu wa nyumbani ajue. Alisikiliza hadi mwisho.

"Wewe naacha," alisema. "Mzee nalala. Mtu gani nakwenda fungua choo ya watu, naangalia?"

Nikamkasirikia vibaya mno, hasira ya kwanza niliyoihisi tangu msiba. Nilimwambia yeye ndiye aliyenuna mwaka mzima kwa kilo za pamba. Nilidhani atakata simu. Halafu akasema ndiyo, na kwamba baada ya mwaka ule alimwendea kaka yake mwenyewe kumwomba radhi, kwa kuwa mizani ilikuwa ya kweli. Akauliza kama jina la baba limeandikwa kwenye hizo namba zangu. Nikamwambia limeandikwa, kila mstari, kwenye safu ya aliyepima. Akasema basi mimi nitajua la kufanya, nikamsikia akipenga kamasi.

Jina lilikuwa ndilo tatizo. Takwimu zetu huwekwa mahali ambapo mtafiti yeyote duniani anaweza kuzifungua. Kuondoa mistari kumi na tisa ni kuacha alama kwamba iliondolewa, kwa jina la mpimaji yule yule. Mtu ambaye hakuwahi kuongeza kilo angebaki pale, na jina lake kamili, kama mtu aliyetia chumvi. Kuiacha ni kuwa na kazi, na kumwachia heshima ambayo yeye mwenyewe, angekuwa na miguu, asingeikubali.

Nilimwandikia profesa kwamba naondoa mistari yote kumi na tisa. Akajibu kwamba anaelewa, na kwamba mkataba wangu basi utaisha tarehe yake. Ulikuwa ujumbe mfupi na wa heshima. Niliusoma nikiwa nakula chapati sokoni, nikamaliza chapati.

Kuondoa mstari si kubonyeza tu. Programu inakuuliza sababu, na inakupa orodha ya kuchagua: kifaa kiliharibika, kosa la uandishi, mahali hapakufikiwa. Hakuna sababu ya kusema mtu alikuwa mgonjwa na binti yake anasubiri namba. Nilichagua ya tatu. Kompyuta ingeweza kuijaza yote kwa mara moja, lakini niliijaza mmoja mmoja, nikisoma kila mahali kwa sauti kama alivyokuwa akinisomea. Mahali hapakufikiwa. Mahali hapakufikiwa. Nilikwenda hivyo mpaka wa kumi na nane.

Wa kumi na tisa ulikuwa nyumbani kwetu. Mkono ulikataa. Baba alikuwa pale siku zote, kwenye kiti nyuma ya jiko, miguu juu ya ndoo. Yeye hakuhitaji kupafikia. Na zile futi kumi hakuzitunga. Nilizitunga mimi, nikamsomea.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi na mbili jioni. Nikarudi kwenye safu ya aliyepima, nikafuta jina lake kwenye mstari ule mmoja, nikaandika langu. Kwenye sababu nikachagua ile ile, mahali hapakufikiwa, nikahifadhi. Ndipo nikalia, kwa sauti, mpaka jirani akaja kugonga mlango.